Theluji ya Davos: Kabla ya Kukanyaga, Sikiliza

Ndugu msomaji, jina la Davos hapana shaka si geni masikioni mwako. Takriban kila mwezi wa Januari hutajwa redioni na magazetini, kwani wakubwa wa dunia, wenye serikali na wenye mali, hukutana huko kuzungumzia uchumi. Makala hii haiwahusu wao. Wakishaondoka na misururu ya magari yao, mji ule hurudia shughuli yake ya kale kuliko mikutano yote, nayo ni kuitazama theluji iliyolala milimani juu ya mapaa ya nyumba, na kuulizana kama leo itatulia au itashuka.

Kufika huko si taabu. Kutoka mji wa Zurich utapanda gari moshi hadi Landquart, mwendo wa kiasi cha saa moja. Hapo utahamia gari moshi jekundu la reli nyembamba, ambalo hupanda bonde taratibu, likapita Klosters, likazunguka misitu na kuchungulia mabonde, hata likakushusha Davos kwenye kimo cha mita 1,560. Kimo hicho hakipishani sana na cha Arusha yetu. Lakini Arusha ipo karibu na Ikweta, na Davos ipo mbali kaskazini. Kwa hiyo mahali ambapo wewe ungetazamia migomba na kahawa, hapo kuanzia Novemba hadi Aprili pamefunikwa weupe mtupu.

Sisi tunaijua theluji kwa kuitazama Kibo kutoka mbali, siku mawingu yanapojaliwa kuondoka. Ni theluji ya kusifiwa, tena inayopungua mwaka hata mwaka. Mpandaji wa Kilimanjaro huogopa zaidi kichwa kuuma na pumzi kukata kwa ajili ya kimo. Haendi akihofu kwamba mteremko alioukanyaga utaondoka chini ya miguu yake. Katika milima ya Alpi hofu hiyo ndiyo ya kwanza, nayo imewafundisha watu elimu nzima.

Mgeni ashukapo Davos huona uzuri tu. Tazama vizuri zaidi. Juu ya mji, pale misitu inapokoma, utaona safu kwa safu za uzio wa chuma uliochomekwa kwenye mteremko. Haukuwekwa kwa ajili ya ng'ombe. Kazi yake ni kuishika theluji pale pale ilipoangukia ili isianze safari. Kisha teremka hadi kitongoji cha Frauenkirch, ukalitazame kanisa la kale ambalo ukuta wake unaoelekea mlimani umejengwa kwa ncha, mfano wa omo la jahazi. Wajenzi wake walijua kwamba iko siku wimbi litakuja kutoka juu, wakaona heri kanisa lilipasue kuliko kulipokea kifuani. Mbali na hapo, katika kijiji cha Andermatt, wenyeji walijiwekea amri mwaka 1397 ya kutokata miti ya msitu uliopo juu ya nyumba zao, kwa sababu miti ile ndiyo ngao yao. Hii ni hekima ya watu waliozika jamaa zao. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliutia ujuzi huu wa Uswisi na Austria katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na kwa maoni yangu ulistahili.

Wimbi hilo ndilo liitwalo poromoko la theluji.

MAJIRA YA MAOMBOLEZO

Mwaka 1936 watafiti wachache walijenga kibanda cha mbao huko Weissfluhjoch, juu ya Davos, katika kimo cha zaidi ya mita 2,500, wakaanza kuipima theluji kama daktari anavyompima mgonjwa: uzito wake, joto lake, ugumu wake, umbo la punje zake. Kibanda hicho ndicho kilichozaa taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko ambayo leo makao yake yapo mjini chini. Tangu mwaka 1945 taasisi hiyo imekuwa ikiwatangazia raia hali ya hatari.

Tangazo peke yake halikutosha. Katika majira ya baridi ya 1950 hadi 1951 theluji nyingi mno ilimwagika kwa muda wa siku chache, na katika nchi ya Uswisi peke yake watu 98 wakafa. Kijiji cha Vals kilipoteza watu 19 usiku mmoja wa mwezi wa Januari. Hawa hawakuwa watalii wala watafuta sifa. Walikuwa majumbani mwao.

Baada ya msiba huo ndipo uzio wa chuma ulipotapakaa milimani, ramani za hatari zikachorwa, na serikali za mitaa zikakataza ujenzi katika mapito ya maporomoko. Mtihani wa kazi hiyo ulikuja mwezi wa Februari 1999, theluji ilipoanguka wiki baada ya wiki. Safari hii waliokufa Uswisi kwa maporomoko hayo walikuwa 17. Ni wengi, lakini linganisha na 98. Huko Austria mambo yalikuwa mazito zaidi: tarehe 23 ya mwezi huo poromoko liliangukia kijiji cha Galtür na kuua watu 31, baadhi yao wakiwa katika sehemu ya kijiji iliyohesabiwa kuwa salama. Milima haisomi ramani tulizozichora.

Hata hivyo, jambo moja limebadilika kabisa tangu enzi za Vals. Leo mtu aliyelala nyumbani kwake Davos amelindwa vizuri. Uswisi hupoteza kwa wastani watu ishirini na kitu kila mwaka kwa maporomoko ya theluji, na karibu wote hufa nje ya njia zinazolindwa, huko milimani kwenyewe ambako hakuna uzio wala mlinzi, walikokwenda kwa hiari yao kupanda na kuteleza kwa skii. Na sasa lisikilize hili, msomaji, maana ndilo kiini cha habari yote: katika ajali tisa kati ya kumi za namna hiyo, poromoko lile huanzishwa na marehemu mwenyewe au na mtu wa kundi lake. Halimshukii kutoka mbinguni. Hulikanyaga.

Yawezekanaje uzito wa mtu mmoja uangushe mlima?

SUKARI CHINI YA BAMBA

Theluji iliyopo ardhini si kitu kimoja. Kila mvuo huacha tabaka lake, na mwezi wa Februari ukichimba shimo utaona maandishi ya majira yote tangu Novemba: hapa palipiga jua, hapa ulivuma upepo, hapa palikuwa na wiki mbili za anga safi na baridi kali. Hizo wiki mbili, ambazo mgeni huzisifu kuliko zote, ndizo zinazotia shaka.

Sababu yake ni hii. Ardhi iliyofunikwa na theluji hubaki na joto la karibu nyuzi sifuri, ilhali hewa ya usiku usio na mawingu huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Ikiwa theluji ni nyembamba, tofauti hiyo kubwa hubanana katika nafasi ndogo. Mvuke hupanda kutoka chini kulipo na joto kuelekea juu kulipo na baridi, na katika safari hiyo huzibadili punje. Zile zilizokuwa maua laini yenye matawi yanayoshikana hugeuka chembe zenye pembe, mfano wa sukari. Ukiifumbata mkononi haishikani, humwagika kati ya vidole. Na juu ya uso wa theluji, katika usiku huo huo wa baridi, umande ulioganda huota kama manyoya madogo yanayometa. Ni mazuri sana kuyatazama.

Kisha mvuo mpya unakuja, pamoja na upepo. Wajuzi wa Alpi husema upepo ndiye fundi mjenzi wa maporomoko, kwa kuwa huikwangua theluji upande mmoja wa mgongo wa mlima, ukaivunjavunja punje zake, ukaishindilia upande wa pili katika bamba lililoshikamana. Bamba hilo sasa limelala juu ya ile sukari au juu ya yale manyoya. Chukua sinia, mwaga sukari, weka juu yake ubao, kisha inamisha sinia polepole. Kwa kitambo ubao utakaa. Halafu hautakaa.

Kinachouangusha mlima, basi, si uzito wa mtu kulivuta bamba zima. Mtu anapokanyaga mahali bamba lilipo jembamba, tabaka dhaifu lililopo chini huvunjika chini ya mguu wake, na mvunjiko ule hukimbia chini kwa chini, kila punje ikiiangusha jirani yake, mpaka eneo kubwa limekosa pa kushikia. Ikiwa mteremko una mwinamo wa nyuzi 30 au zaidi, bamba lote huondoka. Piga hesabu nawe: bamba la upana wa mita 50, urefu wa mita 80 na unene wa nusu mita tu lina mita za ujazo 2,000. Ikiwa kila mita ya ujazo ina uzito wa kilo 200, hizo ni tani 400, sawa na malori arobaini ya tani kumi yaliyosheheni, yakiteremka kwa pamoja na wewe ukiwa katikati. Na hilo ni poromoko la kawaida, ambalo ukilitazama kutoka upande wa pili wa bonde huenda usilitie maanani.

SIKU MOJA KATIKA BONDE

Tuseme umefika Davos, umepata kiongozi mwenye cheti, na mmepanga kupanda mojawapo ya vilele vya bonde la Dischma. Safari haianzi asubuhi. Huanza jana yake saa kumi na moja jioni, taasisi inapotoa taarifa yake. Waangalizi mabondeni na mitambo iliyosimikwa vileleni huwa imekwisha kupeleka vipimo, na wataalamu wamekaa wakazungumza. Taarifa hutaja ngazi ya hatari, kuanzia ya kwanza, iliyo ndogo, hadi ya tano, iliyo kubwa kupita kiasi. Ngazi ya tano ni adimu. Ilitangazwa Februari 1999, kisha miaka ikapita hadi Januari 2018. Nchi za Ulaya zimekuwa zikitumia vipimo hivi vya ngazi tano kwa pamoja tangu 1993.

Mtu atadhani ngazi ya nne na ya tano ndizo ziuazo. La hasha. Karibu nusu ya vifo hutokea katika ngazi ya tatu, iliyopo katikati, ambayo hutangazwa kiasi cha thuluthi moja ya siku za majira ya baridi. Katika ngazi ya tano barabara hufungwa na kila mtu hukaa ndani. Katika ngazi ya tatu jua huwaka, theluji mpya humeremeta, na akili ya binadamu husoma neno "tatu" kama "wastani". Kumbe katika ngazi hiyo mtu mmoja anatosha kuliamsha bamba, na mara nyingi mlima hautoi ishara yoyote kabla yake.

Usihesabu namba peke yake. Taarifa husema pia hatari iko wapi: pande zipi za dira, kuanzia kimo gani, na ni ya namna gani, kama ni theluji iliyopangwa na upepo, au tabaka la zamani lililofukiwa, au theluji iliyolowa kwa joto. Kiongozi wako ataitandaza ramani mezani, akafuata kwa kidole mistari ya vimo. Mistari ikibanana, mteremko ni mkali. Ramani za siku hizi hupaka rangi kila mahali penye zaidi ya nyuzi 30, hata mtoto aweza kuona. Ataitafuta njia inayopita kando ya rangi hizo, na ataamua mapema ni wapi mtageuka endapo mambo hayatakuwa sawa. Hapa ndipo utakapomtambua kiongozi mzuri. Mbaya ana njia moja mfukoni.

Saa moja asubuhi mnafunga chini ya skii vitambaa virefu vyenye vinyweleo vilivyolala upande mmoja, ili ziteleze zikienda mbele na zishike zikirudi nyuma. Kila mmoja amevaa kifuani kijiredio kinachotoa mawimbi bila kukoma. Kiongozi husimama mbele na kumpitisha kila mtu peke yake, akisikiliza kama chake kinalia. Mkobani kila mtu ana ufito mrefu wa kukunjika na koleo. Mwenye kusahau koleo harudi kuazima, anabaki hotelini.

Njiani utaona kwamba kiongozi hazungumzi sana. Anatazama. Ng'ambo ya bonde kuna poromoko la jana: ukuta wa theluji uliokatika wima kama kwa kisu, na chini yake lundo. Ule ni mteremko wa upande gani? Wa kaskazini. Na ule tutakaoupanda sisi? Wa kaskazini pia. Hakuna chombo cha maabara kinachoshinda ushahidi huo. Kwenye mgongo wa mlima theluji imechongwa mawimbi mawimbi, alama ya kwamba upepo ulipita usiku na kuuhamisha mzigo. Jua likipanda, matone yanaanza kudondoka kwenye mawe. Joto la ghafla nalo ni adui.

Halafu huenda ukausikia. Mnapita mahali tambarare, hapana hatari yoyote, na ghafla chini ya miguu yenu unatoka mlio mzito, wa chini, kama mnyama mkubwa aliyeshusha pumzi. Theluji imeshuka kwa kiasi kisichozidi unene wa kidole, na ufa mwembamba umekimbia mbele ya skii zako. Tabaka dhaifu limevunjika. Mahali penye mwinamo mngekuwa mmekwisha ondoka. Mlio huo ni tangazo la mlima wenyewe, na wajuzi wote wa kazi hii wanakubaliana kwamba asiyegeuza njia baada ya kuusikia amekataa kusikia.

Pengine kiongozi atachimba shimo. Atalikata gogo la theluji lenye upana wa sentimita 30 kila upande, ataweka koleo juu yake, na kuligonga kwa mkono: mara kumi kwa kiwiko cha mkono, mara kumi kwa kisugudi, mara kumi kwa bega. Gogo likikatika na kuteleza kwa bapa safi katika pigo la saba au la nane, atatikisa kichwa. Lisipokatika, usishangilie mapema. Shimo lile limesema habari ya mahali pale. Hatua ishirini mbele, palipo na jiwe lililofukiwa na bamba jembamba, habari huenda ni nyingine. Kwa sababu hiyo viongozi wengi wazoefu hulitumia shimo kupata sababu ya kughairi, na si kupata ruhusa ya kuendelea.

Sasa umebaki mteremko mmoja. Kilele kiko mita 60 tu juu yenu, kinang'aa. Umekuja kutoka mbali, likizo yako ni ya wiki moja, nauli umeilipa kwa akiba ya mwaka. Tena zipo nyayo: kundi jingine lilipita asubuhi na halikupatwa na lolote. Mwenzako anasema, "Wale wamepita, kwa nini sisi tusipite?" Nyayo hizo hazithibitishi kitu. Bamba laweza kumbeba wa kwanza hadi wa tisa, wa kumi akakanyaga pale palipo pembamba. Kiongozi anapima mwinamo, unazidi nyuzi 30, upande ni ule ule uliotajwa jana saa kumi na moja. Anasema, "Tunarudi."

Mnarudi, na mteremko ule hauporomoki. Hauporomoki jioni hiyo wala kesho yake. Hapa, kwa maoni yangu, ndipo ugumu wote wa elimu hii ulipo: aliyekosea mara nyingi hulipwa kwa kilele na picha nzuri, na aliyefanya sawasawa hapewi hata ushahidi kwamba alikuwa sawa. Nahodha wa kwetu anayekataa kutweka tanga siku ya upepo mbaya naye huweza kuchekwa, lakini angalau mawimbi yanaonekana.

Mfano wa upande wa pili uko jirani, juu ya Klosters, kituo kile ulichokipita kwa gari moshi. Tarehe 10 Machi 1988, Charles, wakati ule mrithi wa ufalme wa Uingereza na ambaye amekuwa Mfalme tangu 2022, alikuwa akiteleza na rafiki zake nje ya njia zilizolindwa, katika mteremko uitwao Wang. Walikuwa wazoefu, na walikuwa na kiongozi mwenyeji, Bruno Sprecher. Tahadhari ya hatari ilikuwa imetolewa. Poromoko liliwachukua wawili katika kundi hilo: Meja Hugh Lindsay, aliyepata kuwa msaidizi wa Malkia, na Bibi Patti Palmer-Tomkinson. Mrithi wa ufalme na kiongozi walichimba pamoja. Bibi yule aliokolewa, miguu imevunjika. Meja Lindsay, mwenye umri wa miaka 34 na mke aliyekuwa mja mzito, alikufa. Baada ya uchunguzi hakuna aliyeshtakiwa; ilionekana kundi zima lilikuwa limeikubali hatari ile. Utaona, msomaji, kwamba hawakukosa fedha wala mjuzi wala taarifa.

DAKIKA

Mtu akifukiwa, wenzake wanabaki na kazi moja. Waliofukiwa kabisa huokolewa hai kwa wingi wakitolewa katika dakika kumi za mwanzo. Baada ya hapo idadi yao huporomoka upesi, kwani hewa huisha. Helikopta huitwa kwa namba 1414, na mbwa waliofunzwa huletwa, lakini hata helikopta iliyo hodari haiwezi kufika na kuchimba katika dakika hizo. Wanaookoa ni wale wale waliokuwa wakizungumza nawe asubuhi. Wanageuza vijiredio vyao kutoka kutuma hadi kupokea, wanafuata mlio unaokua, wanachoma kwa ufito mpaka ugote kwenye kitu laini, kisha wanachimba kutoka upande wa chini wa mteremko. Theluji iliyokuwa nyepesi kama pamba ikiporomoka hukaza kama saruji. Kumfikia mtu aliyefukiwa kwa mita moja ni kuhamisha zaidi ya tani moja, kwa koleo dogo, huku ukitweta, na jina lake liko mdomoni mwako.

Ndiyo maana wapandaji huachiana nafasi. Katika mteremko wa mashaka hupanda wakiwa wametengana mita kumi au zaidi, na kuteremka mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka mahali salama. Akichukuliwa, achukuliwe peke yake, na wabaki wa kumchimba.

Ukipata nafasi ya kufika Davos bila nia ya kupanda popote, panda reli ya mlimani kutoka Davos Dorf hadi Weissfluhjoch, mahali kilipoanzia kile kibanda cha mbao. Njia za kuteleza zilizowekewa alama zinalindwa, na pale penye hatari hufungwa. Shika humo na hutakuwa na shaka. Vaa miwani ya jua, weupe ule huumiza macho. Si mbali na kituo upo uwanja wa vipimo ambao theluji yake imekuwa ikipimwa tangu siku zile za kwanza.

Jioni rudi mjini. Wahudumu wa hoteli wanatandika meza, watoto wanavuta sileji barabarani, na kwenye baraza la klabu ya wapandaji mwanamke wa makamo ameinama juu ya simu yake. Saa kumi na moja imetimu. Kundi lake la watu watano limemzunguka, wamenyamaza, vikombe vya chai mikononi. Anawasomea: ngazi ya tatu, upande wa kaskazini na mashariki, juu ya mita 2,200, tabaka dhaifu katika theluji ya zamani. Anaikunjua ramani, anakiweka kidole juu ya kilele walichokipanga, kisha anakishusha polepole hadi kwenye bonde, akitafuta njia nyingine.